Tusisukume Mbao kwa Vidole: Jinsi ya Kutengeneza Visukumio

Siku hizi mlio wa mashine ya mbao hausikiki mjini tu. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya Tanzania. Umeme ulipofika, mashine ya kusaga nafaka ilipata mwenzake, yaani mashine ya kuchania mbao. Seremala aliyekuwa akichana ubao kwa msumeno wa mkono, jasho likimtoka asubuhi nzima, sasa anauchana kwa dakika chache tu.

Sisi tunaifurahia mashine hiyo. Vitanda, milango na madawati vinatengenezwa hapa hapa kijijini, na vijana wanapata kazi. Lakini mashine haina macho. Haijui huu ni mti na hiki ni kidole. Yenyewe inachana chochote kinachoifikia.

Leo tutajifunza kutengeneza kifaa kidogo cha kuuweka mkono mbali na meno ya mashine. Sisi hapa tutakiita kisukumio, maana kazi yake ni kusukuma ubao badala ya vidole. Si lazima ukinunue. Kinatokana na vipande vile vile vya mbao vinavyopelekwa jikoni kuwa kuni.

TUIJUE MASHINE KWANZA

Mashine nyingi za vijijini zimeundwa na mafundi wenyewe. Kuna meza ya chuma au ya mbao ngumu. Chini ya meza kuna mota na mkanda. Katikati ya meza pamechomoza duara la chuma lenye meno, nalo mafundi huliita bledi. Kando ya bledi pamefungwa chuma au ubao ulionyooka, ambao mbao huuegemea ili zichanike kwa upana mmoja. Huo tutauita egemeo.

Mashine nzuri ina vitu viwili zaidi. Kimoja ni kinga, yaani kifuniko kinachokaa juu ya bledi. Kingine ni bamba la chuma linalosimama nyuma tu ya bledi, kuzuia ufa wa ubao usijifunge na kuibana bledi. Mashine nyingi tunazoziona hazina kinga wala bamba. Tunasema mapema: kisukumio hakichukui nafasi ya vitu hivyo viwili. Kama mashine yako haina, mwambie fundi wa vyuma akuchomelee. Lakini hata yenye kinga na bamba inahitaji kisukumio.

Haya, sasa chukua penseli tufanye hesabu. Bledi ya inchi 10 ina upana wa karibu sentimita 25. Ukiizungushia uzi pembeni, uzi huo utakuwa na urefu wa karibu sentimita 80. Tuseme inazunguka mara 3,000 kwa dakika 1. Basi jino moja linasafiri sentimita 80 mara 3,000, yaani sentimita 240,000, ambazo ni mita 2,400. Gawanya kwa sekunde 60. Unapata mita 40 kwa kila sekunde. Hiyo ni sawa na kilomita 144 kwa saa, na hakuna basi la abiria linaloruhusiwa kukimbia hivyo barabarani.

Tuendelee. Mizunguko 3,000 kwa dakika ni mizunguko 50 kwa sekunde. Kama bledi ina meno 24, basi meno 1,200 yanapita mahali pamoja katika sekunde 1. Sasa mtu akishtuka, mkono wake huchukua karibu robo sekunde kabla haujaanza kurudi. Robo ya 1,200 ni ngapi? Ni 300. Kwa hiyo, kabla mkono haujaanza kurudi, meno 300 yamekwisha kupita. Asije mtu akatuambia, "Mimi nina macho makali, nitautoa mkono haraka." Hakuna mwenye haraka ya namna hiyo.

KWA NINI MBAO HURUSHWA?

Geuza baiskeli juu chini na uzungushe gurudumu. Utaona upande mmoja wa tairi unashuka na upande wa pili unapanda. Bledi nayo ni hivyo hivyo. Meno ya upande wako, wewe unayesukuma, yanashuka na kuukandamiza ubao mezani. Hayo hayana ugomvi mkubwa. Meno ya nyuma yanapanda kutoka chini ya meza. Ubao ukipinda kidogo, au ufa ukajifunga kwa sababu mti ni mbichi, meno hayo ya nyuma yanaudaka, yanauinua na kuurusha kwako kwa kasi ile tuliyoihesabu.

Wengi huogopa kupigwa tumboni na ubao, na kweli ni jambo la kuogopa. Lakini angalia mkono ulikuwa unafanya nini wakati huo. Ulikuwa unasukuma kwenda mbele kwa nguvu. Ghafla ubao haupo. Mkono unabaki hauna kitu cha kusukuma, na nguvu ile ile inaupeleka mbele wenyewe, penye bledi. Ajali hutokea hivyo. Siyo kwamba fundi alilala, wala hakuwa mjinga. Mwili wake uliendelea na kazi uliyokuwa ukiifanya.

Wakati wenye hatari zaidi ni mwisho wa ubao. Ubao wa mita 3 ukianza kuchanwa, mikono iko mbali kabisa. Hatari inakaribia polepole, kila sentimita ubao unapoisha. Huko Uingereza, ofisi ya serikali inayosimamia usalama kazini inashauri kisukumio kitumike katika sentimita 30 za mwisho za kila mchano, na kwa kila kipande kifupi kuliko hapo. Inashauri pia kisukumio kiwe na urefu usiopungua sentimita 45. Vipimo hivyo ni vizuri na sisi tutavitumia.

TUTENGENEZE KISUKUMIO CHA KWANZA

Tafuta kipande cha plaiwudi chenye unene wa milimita 12 hadi 18. Plaiwudi ni nzuri kwa sababu nyuzi zake zimepishana, kwa hiyo haipasuki ovyo. Kama huna, chukua kipande cha mti mgumu kama mninga au mvule, nyuzi zake zikienda kwa urefu, siyo kwa kukatisha. Kataa kipande chenye fundo, ufa au matundu ya wadudu. Na usitumie nondo wala chuma cha aina yoyote. Chuma kikigusa bledi, meno hukatika na kuruka kama risasi. Kisukumio ni kitu cha kuumizwa na bledi badala yako. Ni lazima kiwe laini kuliko yenyewe.

Kata kipande hicho kiwe na urefu wa sentimita 45 na upana wa sentimita 6. Kikate kwa msumeno wa mkono. Itakuwa ajabu mtu kukatwa kidole akitengeneza kifaa cha kuzuia kukatwa kidole.

Sasa tunahitaji mwinamo. Chukua karatasi ya mraba, yenye pande nne sawa, uikunje kona kwa kona. Ule mstari wa mkunjo ndio mwinamo tunaoutaka. Huna haja ya kifaa cha kupimia pembe.

Lete ubao wa unene wa inchi 1, ule unaouchana kila siku, uulaze juu ya meza. Lete kipande chako cha sentimita 45, ukiegemeze ubavuni mwa ubao huo, kikiinama kwa mwinamo wa karatasi. Kichwa chake kielekee kwako, na mguu wake uwe penye mwisho wa ubao, sehemu ikipita mbele na sehemu ikibaki nyuma. Kishikilie kisitikisike. Chora mstari kwenye kipande chako ukifuata uso wa juu wa ubao, kuanzia ukingo wa mbele wa kipande mpaka pale ubao unapoishia. Kutoka hapo shusha mstari wima, sentimita 1 tu. Kisha chora mstari mwingine wa kulala, kutoka chini ya huo wima kwenda nyuma, mpaka ukingo wa nyuma wa kipande.

Ukitazama utaona umechora kidato kama cha ngazi. Kata kwa kufuata mistari hiyo mitatu. Umepata mdomo wa kisukumio. Sehemu ya mbele inakaa juu ya ubao na kuukandamiza. Sehemu ya wima inaupiga ubao nyuma na kuusukuma. Ile sehemu ya nyuma iliyoshuka tutaiita kisigino.

Kwa nini kisigino kishuke sentimita 1 tu? Kwa sababu kikiwa kirefu kuliko unene wa ubao, kitagonga meza kabla ya mdomo kuushika ubao, na ubao utakaa huru. Hilo ndilo kosa tunaloliona mara nyingi katika visukumio vya haraka haraka. Ukichana mbao nyembamba za nusu inchi, tengeneza kisukumio kingine chenye kisigino cha milimita 5 au 6.

Upande wa juu, mahali pa kushika, zungusha kona kwa tupa na kupiga msasa mpaka pasiumize kiganja. Lakini mdomo usiuguse kwa msasa. Uache na kona kali, maana mdomo wa mviringo huteleza. Toboa tundu kwa keekee karibu na kichwa, upitishe kamba. Kisha kipake rangi nyekundu au ya njano. Hiyo siyo pambo. Kisukumio kisicho na rangi kitaokotwa na kupikia ugali, na mpishi hana kosa, kwake kipande cha mbao ni kuni.

Sasa kijaribu mashine ikiwa imezimwa. Ukikishika, mkono wako uko karibu sentimita 30 juu ya meza, na karibu sentimita 30 nyuma ya mdomo. Nafasi hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta toka mwanzo.

KISUKUMIO CHA PILI: KIATU

Kile cha kwanza kinasukuma vizuri, ila kinakandamiza ubao mahali padogo. Ukichana vipande vyembamba, kama vile vya fremu za wavu wa madirisha, mbele ya ubao panaweza kuinuka. Kwa kazi hiyo tunatengeneza kisukumio chenye umbo la kiatu.

Chukua ubao wa unene wa sentimita 2, urefu wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 12 hivi. Chini yake pawe pamenyooka kabisa, isipokuwa nyuma uache kisigino kinachoshuka milimita 6. Juu, upande wa nyuma, chonga mkono wa kushika kama ule wa msumeno wa seremala. Kiatu kinalala juu ya ubao na kuukandamiza kwa urefu wote, huku kisigino kikiusukuma.

Kisigino cha kiatu huisha haraka, kwa hiyo mafundi wengine hukibandika ili kibadilishwe. Ni sawa. Lakini bandika kwa gundi na vijiti vya mti. Usipige msumari. Kiatu hiki wakati mwingine kinapita juu ya bledi yenyewe na kuchanika kidogo chini, na msumari utakutana na meno.

NAMNA YA KUVITUMIA

Kabla ya kuwasha, shusha bledi mpaka meno yazidi unene wa ubao kidogo tu. Bledi iliyochomoza sana haina faida yoyote, inaongeza tu mahali pa kukatwa. Chora mstari wa rangi juu ya meza, sentimita 30 kabla ya bledi. Mwisho wa ubao ukifika kwenye mstari huo, mkono unaachia ubao na kuchukua kisukumio. Hakuna kukadiria. Mstari ndio unaosema.

Simama pembeni kidogo, siyo sambamba na bledi, ili ubao ukirushwa upite kando yako. Sukuma kile kipande kilicho kati ya bledi na egemeo, maana ndicho kinachoweza kubanwa. Kisukume mpaka kipite nyuma ya bledi kabisa. Usiishie njiani na usikivute kurudi kwako bledi ikizunguka.

Mkono wa kushoto nao ushike kisukumio cha pili, cha kuubana ubao kwenye egemeo. Hapa tunaomba usome polepole. Bana mbele ya bledi, kwenye sehemu ambayo bado haijachanwa. Ukibana ubavuni mwa bledi, unaufunga ule ufa, bledi inakamatwa, na ubao unarushwa. Hapo msaada umegeuka kuwa madhara.

Vipande vinavyobaki karibu na bledi visiokotwe kwa vidole. Zima, subiri isimame kabisa, ndipo uondoe. Bledi huendelea kuzunguka kwa muda baada ya swichi kuzimwa, na ikipungua mlio watu hudhani imesimama. Usivae glavu wala shati la mikono mipana, kwa kuwa nguo ikidakwa inauvuta mkono mzima. Bledi butu inolewe, maana inakulazimisha kusukuma kwa nguvu nyingi, na tumekwisha kuona nguvu hiyo inapokwenda.

Mara nyingi kuna mtu wa pili anayepokea ubao upande wa nyuma. Kazi yake ni kuubeba tu. Asiuvute. Anayesukuma ndiye anayejua kasi ya mchano.

KIKAE WAPI?

Tumeeleza vipimo vingi, lakini kwa maoni yetu umbo la kisukumio lina uzito mdogo kuliko mahali kinapotundikwa. Fundi mwenye kisukumio kizuri kilichoko hatua tatu kutoka kwenye mashine atatumia vidole. Ubao uko katikati ya bledi, hawezi kuuacha akatafute kijiti. Kwa hiyo piga kigingi kwenye meza yenyewe, upande wa mkono wako wa kulia, na kisukumio kining'inie hapo. Usitengeneze kimoja. Tengeneza vitano siku moja, kwa ubao huo huo wa kupimia. Kikichanika sana au mdomo ukiliwa na bledi, kipeleke jikoni bila huruma, chukua kingine.

Kuna maneno tunayoyasikia. "Nimechana mbao miaka 20 bila kijiti, na vidole vyangu ni hivi hapa." Tunamshukuru Mungu kwa vidole vyako, mzee wetu. Lakini kijana anayejifunza kwako hana miaka 20 hiyo. Ana wiki tatu. Anakuiga mkono unavyokwenda, naye hajui mti mbichi unavyojifunga wala hajawahi kusikia mlio wa bledi inayokaribia kubanwa. Wengine husema kisukumio ni woga. Mbona fundi wa kuchomelea vyuma anavaa miwani, na hakuna anayemwita mwoga?

Na wewe mzazi unayempeleka mtoto wako kujifunza useremala, kabla hamjapatana bei, angalia kwenye mashine. Je, kuna kinga? Je, kuna visukumio, na vina alama za kutumika, au ni vipya kama vya maonyesho? Uliza bila kuona haya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde watu wake wasidhurike kwa mashine, kwa hiyo hujaomba upendeleo. Mkono wa kijana huyo ndio utakaoshika jembe msimu wa mvua na penseli wakati wa hesabu za mauzo. Sisi tuliojifunza kushika penseli tukiwa watu wazima tunajua kidole gumba kina kazi gani.

MAZOEZI KWA KIKUNDI

1. Bledi ya inchi 12 ina mzingo wa karibu sentimita 96. Ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, jino moja linasafiri mita ngapi kwa sekunde 1?

2. Nendeni kwenye mashine ya mbao iliyo karibu nanyi, kwa ruhusa ya mwenyewe na ikiwa imezimwa. Pimeni kutoka mahali fundi anaposimama hadi mahali kisukumio kinapotundikwa. Kama hakuna kisukumio, tengenezeni viwili na mpelekeeni.

3. Fundi ana mbao za unene wa milimita 12 na kisukumio chenye kisigino cha milimita 15. Mwelezeni kitakachotokea akikitumia.